Nyimbo za Miezi Isiyo na Jua

Jumatano, 20 Novemba

Daktari wa kituo cha afya amesema niandike. "Hata mstari mmoja kwa siku, Saimi. Usijali kama ni upuuzi." Nikamuuliza niandike nini. Akasema chochote, hata hali ya hewa.

Hali ya hewa: nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, theluji kidogo. Basi, nimemaliza.

Alhamisi, 21 Novemba

Basi la maktaba limekuja saa sita mchana kama kila Alhamisi, likasimama uwanjani mbele ya duka lililofungwa. Nilienda kumrudishia bibi Hilja vitabu vyake vya kusikiliza. Hilja ni mmoja wa wazee watatu ninaowahudumia majumbani. Ana miaka themanini na sita na macho yake yamebaki kutofautisha dirisha na ukuta tu.

Mkutubi, Raili, ana jambo jipya. Raili ni mtu wa kusini. Huchekacheka kila anapomaliza sentensi, utadhani sentensi zenyewe zinamtekenya. Anataka kila Alhamisi ya kipupwe mtu mmoja wa kijiji chetu, Kuusivaara, alete wimbo anaoupenda kusikiliza miezi ya baridi. Tutakaa humo ndani ya basi kwenye joto, tunywe kahawa, tuusikilize pamoja, na mwenye wimbo aseme kwa nini kauchagua. Ameweka kinasa sauti juu ya rafu ya vitabu vya mapishi.

"Jua litatuacha baada ya wiki mbili," akasema. "Tusiachwe na kila kitu."

Sirkka, jirani yangu, akachukua kalamu akaniandika kwenye orodha bila kuniuliza. Tarehe kumi na tatu Februari.

"Sirkka, futa," nikamwambia.

"Shoga, Februari ni mbali. Mpaka wakati huo unaweza kuwa umekufa, au umepata wimbo."

Halafu akakumbuka anaongea na nani, akaiweka kalamu chini. Nikachukua vitabu vipya vya Hilja nikaondoka.

Ijumaa, 22 Novemba

Nyuzi kumi na nne. Nimemkata Hilja kucha.

Jumapili, 24 Novemba

Niliambiwa niandike chochote, basi na hili niliandike mara moja, nisilazimike kulirudia. Mwanetu, Jarkko, alizama ziwani tarehe kumi na tisa Julai mwaka huu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Walikuwa wawili kwenye mtumbwi, mmoja akaogelea akafika.

Tangu wakati huo mimi ni kama mkono ulioulalia vibaya. Unauona, ni wako, unauinua kwa mkono mwingine kama kitu cha jirani.

Nyumbani redio haijawashwa tangu mazishi. Hatukukubaliana hivyo. Haijawashwa tu.

Jumanne, 26 Novemba

Tauno, mume wangu, alikata miti msituni miaka thelathini mpaka mgongo ukakataa. Sasa yuko nyumbani. Kila siku saa sita na nusu mchana huvaa koti, huenda bandani, huwasha gari la Jarkko kwa dakika ishirini, kisha hurudi.

"Betri," husema. "Baridi itaiua."

Mtu wa mjini alipiga simu kuulizia kama gari linauzwa. Tauno akamwambia, "Haliuzwi," akaweka simu. Betri inamuuma roho. Mwezi Julai sikumwona akidondosha chozi hata moja. Alibeba jeneza, akakunja kamba, akauliza kama wabebaji wenzake wamepata kahawa.

Koti lake linanuka petroli jikoni.

Alhamisi, 28 Novemba

Wa kwanza ni Kalervo, dereva wa basi. Ameleta tango, wimbo wa dansi, wa mtu aliyeachwa kwenye kituo cha treni. Dansi hiyo ya tango huku kwetu ni ya wenye majonzi, mwenye furaha hana kazi nayo.

"Naendesha kilomita mia mbili gizani," akasema Kalervo, "lazima niwe na mtu mwenye hali mbaya kuliko yangu."

Watu wakacheka. Tulikuwa tisa. Niliusikia wimbo, maneno yote na kodiani. Ilikuwa kama kumtazama mtu akila upande wa pili wa kioo.

Jumatatu, 2 Desemba

Nyuzi ishirini. Samaki, viazi. Tauno bandani.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo jua halikuchomoza. Litarudi Januari. Kuna mwanga wa buluu saa tano mpaka saa nane, halafu basi.

Sirkka ameleta waltz, dansi ya zamani ya watu wawili. Alisema aliicheza na mchumba wake wa kwanza kwenye ukumbi wa wazima moto, akaachwa kabla haijaisha. "Ndiyo maana huwa napenda kuisikia yote," akasema. Sikujua kama Sirkka aliwahi kuwa na mchumba kabla ya mumewe. Nimekaa naye jirani miaka ishirini na sita.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimemwogesha Hilja. Nilikuwa namkausha mgongo, akasema:

"Mwanangu, nasikia mikono yako, lakini wewe mwenyewe sikusikii."

"Niko hapa, bibi."

"Uko hapo kama taulo. Sikulaumu. Mume wangu Kaarlo alipokufa, miaka miwili sikuweza kusikia wimbo. Hata wa kanisani. Nilikuwa nasikiliza habari za hali ya hewa tu."

"Hali ya hewa?"

"Ya baharini hasa. Upepo wa kaskazini-magharibi, mita kumi na mbili, mwonekano mzuri. Na sisi bahari hatuna. Lakini ile sauti ina mwendo wake, na haikuombi chochote."

Nikamwambia daktari naye kaniambia niandike hali ya hewa.

"Basi daktari wako si mjinga," akasema. "Sasa nivalishe, nitaganda."

Jumanne, 10 Desemba

Upepo wa kaskazini. Nyuzi ishirini na sita.

Alhamisi, 12 Desemba

Mtu wa posta ameleta wimbo wa kijeshi. Alisahau kwa nini.

Alhamisi, 19 Desemba

Zamu ya Hilja. Hawezi kutoka, kwa hiyo nilimpelekea Raili ujumbe wake: wimbo wa mshona viatu mlevi aliyeshona kiatu kimoja kwa ajili ya miguu miwili ya mkewe. Ni wimbo wa kukera kidogo. Sababu aliniagiza niiseme kama ilivyo: "Mwambie Raili, mtu akizeeka watu humwekea nyimbo za mbinguni. Mimi bado niko huku."

Nikaisema. Watu walicheka mpaka mtu wa posta akamwaga kahawa kwenye vitabu vya historia. Raili hakucheka. Alikuwa ananitazama. Wakati natoka akanifungulia mlango, akasema taratibu, "Asante kwa kuuleta, Saimi." Sijui anataka nini kwangu.

Jumanne, 24 Desemba

Tumepeleka mishumaa makaburini kama kila mtu. Theluji ilikuwa mpaka magotini. Tauno alichimba kwa mikono mpaka akalipata jiwe. Kiberiti kilikataa mara nne. Tukarudi, tukala, tukalala.

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Nyuzi thelathini na moja.

Jumatatu, 6 Januari

Nilitoka kwa Hilja mapema leo, mwanawe alikuwa amekuja. Ngazi zetu zilikuwa zimejaa theluji na koleo halikuwa mahali pake. Nikajua litakuwa bandani. Sijaingia mle tangu kiangazi.

Mlango ulikuwa wazi nusu, gari linanguruma. Na kulikuwa na muziki.

Ulikuwa muziki wa Jarkko. Zile gitaa zake. Kwa miaka sita Tauno alikuwa akipiga ukuta na kusema, "Zima hiyo mashine ya kupasua mbao." Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono miwili juu ya usukani, macho mbele, kama mtu aliye barabarani. Wimbo ukaisha. Akangoja. Wa pili ukaanza, na vidole vyake vikaanza kugonga usukani, hakosei hata pigo moja.

Hakuniona. Nilisimama pale theluji ikaingia ndani ya viatu. Kisha nikarudi nikaondoa theluji kwenye ngazi kwa ubao.

Alipoingia nilimuuliza, "Betri ni nzima?"

"Nzima," akasema.

Mtu mwingine angeandika kwamba moyo wake ulilainika. Wangu haukulainika. Miezi yote hii nilidhani Tauno hana kitu ndani. Kumbe anacho, na alikuwa anakila peke yake, dakika ishirini kila siku, kwa kujificha, na mimi jikoni namenya viazi. Nilimwona mwizi.

Jumanne, 7 Januari

Bandani. Dakika ishirini na tatu.

Jumatano, 8 Januari

Dakika ishirini na nane.

Alhamisi, 9 Januari

Jua limerudi. Ukingo mwekundu juu ya kilima cha kusini, robo saa hivi. Kalervo alisimamisha kahawa ili wote tutoke nje tulitazame. Sirkka akasema, "Limekuja kuchukua mizigo yake tu." Mwalimu wa shule aliyestaafu alileta wimbo wa piano usio na maneno.

Tauno: dakika thelathini na tano.

Jumatatu, 13 Januari

Alipokuwa akioga niliingia bandani. Kaseti imo kwenye redio ya gari. Kwenye karatasi yake Jarkko ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa herufi zake zinazolalia kushoto: KIPUPWE. KWA BARABARA NDEFU. Chini yake ameorodhesha nyimbo kumi na moja. Nyingine nilizitambua kwa majina ya bendi yaliyokuwa kwenye fulana zake.

Nikairudisha ilivyokuwa. Sikujaribu kusikiliza. Ilikuwa kama kufungua barua ya mtu.

Alhamisi, 16 Januari

Nyuzi thelathini na tatu. Sikwenda kwenye basi.

Jumapili, 19 Januari

Dakika arobaini na moja. Chakula kilipoa. Nilimwekea kilichopoa, akala.

Ijumaa, 24 Januari (hospitali ya mkoa)

Naandika ya jana. Nimeomba karatasi kwa muuguzi.

Jana, Alhamisi, kipimajoto kilisoma thelathini na nane chini ya sifuri. Baridi ya hivyo haina upepo, na sauti husafiri mbali. Nilimaliza kwa Hilja saa saba kasorobo. Nikiwa njiani niliona basi la maktaba limeshafika uwanjani, moshi wake umesimama wima kama nguzo. Nilipita nyumbani kwanza. Sahani ya Tauno ilikuwa mezani, haijaguswa.

Nikasikia gari. Lakini nililisikia kwa mbali, kwa uzito, kama liko chini ya mto wa kulalia. Nikatoka. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa.

Kila siku huwa wazi. Nilisimama nikaufikiria ule mlango. Sijui ni kwa muda gani. Daktari ameniuliza na sijui. Nadhani haukuwa mrefu. Halafu nikaanza kuuvuta. Bawaba zilikuwa zimeganda. Nilipoufungua moshi ulinijia usoni, wa buluu, wenye ladha. Tauno alikuwa ameegemea dirisha la gari, mdomo wazi, uso mwekundu kama mtu aliyetoka kwenye mvuke wa sauna. Muziki ulikuwa unaendelea.

Nilizima injini. Nikamshika kwapani nikavuta. Ana kilo tisini. Mguu mmoja ulinasa chini ya pedali, nikauvuta, kiatu kikabaki. Nilimburuta kwenye theluji mpaka hewa safi, nikamlaza, nikaita jina lake, nikampiga kofi. Alikuwa anapumua, lakini kwa mbali, kama anayekumbuka mara mojamoja.

Nikakimbia kwenye basi. Ni hatua mia mbili. Nilikuwa nimevaa ndara za ndani. Nilipofungua mlango walikuwa wamekaa wote na vikombe mkononi, wanasikiliza wimbo wa mtoto anayeteleza kilimani. Nikasema, "Tauno amevuta moshi wa gari bandani."

Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mtu wa posta alidhani nimesema anavuta sigara.

Raili ndiye aliyesimama wa kwanza. Akamwambia Kalervo, "Sogeza basi." Akamwambia Sirkka, "Nenda kwako, piga simu hospitali, waambie tunamleta kwa basi, tukutane njia panda." Hakuchekacheka mwisho wa sentensi hata moja. Sirkka alikimbia, na Sirkka ana magoti mabovu.

Walimpakia wanaume wanne, wakamlaza sakafuni kati ya rafu. Raili alivua koti lake akamfunika, akapiga magoti kichwani kwake, akamshika taya, akawa anahesabu pumzi zake kwa sauti. Akaamuru madirisha yote yafunguliwe. Tulikwenda kilomita arobaini na mbili kwa baridi ya nyuzi thelathini na nane, madirisha wazi, Kalervo akipiga honi kwenye kila kona. Vitabu vilianguka. Vilituangukia, tukaviacha. Na hakuna aliyekumbuka kuzima kile kinasa sauti. Mtoto aliteleza kilimani, akafika chini, ukimya, akapanda akateleza tena. Mara tatu au nne. Mpaka Raili akanyoosha mkono bila kuacha kuhesabu, akang'oa waya.

Mimi nilishika ule mguu usio na kiatu. Nilimvalisha kofia yangu mguuni. Nilijisemea, sasa utahisi kitu. Sikuhisi. Nilihesabu pamoja na Raili.

Njia panda gari la wagonjwa lilikuwa limefika. Walimwekea oksijeni.

Raili alikuja nasi hadi hospitali. Alikaa kwenye kiti cha korido, miguu yake imefungwa kwa blanketi. Jioni Kalervo alipokuja kumchukua, Raili aliniuliza jambo moja tu.

"Nikufute kwenye orodha?"

Nikafikiri. "Acha," nikamwambia.

Jumamosi, 25 Januari

Tauno ameamka jana mchana. Kichwa kinamuuma, lakini anajua tarehe na anajua kahawa yao ni mbaya. Daktari kijana alimuuliza nani aliufunga mlango wa banda. Tauno akasema, "Baridi."

Daktari alipoondoka nikavuta kiti.

"Sasa niambie mimi."

"Nimesema. Ilikuwa baridi. Niliufunga."

"Tauno. Ulitaka?"

Aligeuza uso dirishani.

"Niliufunga kwa sababu ya baridi," akasema. "Hilo ni kweli. Halafu kichwa kikaanza kuuma, nikajua ni kitu gani. Nimefanya kazi na injini maisha yangu yote, nitaachaje kujua. Nikasema nitafungua. Nikasema, ngoja kwanza wimbo uishe."

"Haya."

"Ukaisha. Ukaanza mwingine."

Mwenzake wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma.

"Kwa hiyo sijui, Saimi. Ukiniuliza kama nilitaka, sijui. Sikutaka kusimama. Hicho ndicho ninachojua."

Nikamwambia nilimwona siku ya tarehe sita. Nikamwambia nilivyohesabu dakika. Nikamwambia nilimwona mwizi, neno hilohilo. Lilipotoka halikuwa na hasira tena, lilikuwa neno tu.

"Ungeingia," akasema. "Kiti cha pili kilikuwa wazi."

"Ungeniita."

"Ningesema nini? Njoo usikie mashine ya kupasua mbao?"

Muuguzi akaja kumpima. Tauno alipogeuka nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani ni kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Muuguzi alitaka kupiga kengele, nikamwambia asipige. Nilimshika mgongoni. Mkono wangu niliuona upo pale.

Jumatano, 29 Januari

Amehamishiwa wodi nyingine kwa siku chache, anaongea na daktari wa mambo ya akili. Anasema ni mwanamke mwenye subira, anayejua kuvua samaki. Wanaongea samaki.

Jumapili, 2 Februari

Tauno nyumbani. Kitu cha kwanza alienda bandani, na mimi nyuma yake. Akafungua boneti, akatoa betri, akaibeba kifuani kama mtoto mpaka kwa Sirkka. "Mpe Kalervo akipita," akamwambia. "Hii bado nzima." Halafu akarudi akaitoa kaseti.

Sirkka alikuja baadaye na mkate wa iliki. Alikaa saa nzima akimsema vibaya mtu wa posta. Hakugusia lolote. Nilikuwa namwona Sirkka kama mdomo uliovishwa skafu. Wakati wa kutoka akaniambia kwenye baraza, "Nimeacha funguo zangu chini ya ndoo. Mchana au saa yoyote, shoga, ingia tu. Usibishe hodi."

Jumatatu, 3 Februari

Tumewasha kaseti jikoni. Tauno alinieleza wimbo mmoja mmoja, maana mimi nilisikia kelele tu.

"Huyu anaimba kama kafungiwa chooni. Lakini ngoja, gitaa linaingia. Sasa. Umesikia?"

"Nimesikia kelele ndogo na kelele kubwa."

"Ndiyo hiyo. Ile ndogo inamjibu."

Wa tatu ni wa polepole. Alisema huo ndio aliokuwa akiungojea kila siku, na ndio siku ile alitaka kwanza uishe. Nilisikiliza kwa makini, nikingoja unichome. Haukunichoma. Nikamwambia ukweli.

"Hata mimi nilipoanza kuusikiliza, mwezi mzima, hivyo hivyo," akasema.

Alhamisi, 13 Februari

Zamu yangu. Basi lilijaa, kumi na nne, watu wanaokuja kwa ajili ya vitabu na watu wasiosoma kabisa. Nyuzi kumi na tisa tu. Mwanawe Hilja alimleta mama yake kwenye kigari cha theluji, amefungwa mablanketi mpaka puani. Tauno alikaa kwenye kigoda, mgongo kwenye rafu ya jiografia.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikaona hayasomeki.

"Hii ni kaseti ya Jarkko," nikasema. "Aliitengeneza ya kuendeshea gari majira ya baridi. Wimbo wa tatu. Mimi mwenyewe bado sijajua kama naupenda."

Raili akaiweka. Ikaanza vizuri. Watu waliinamisha vichwa kama kanisani, isipokuwa Hilja aliyesema kwa sauti, "Ongeza, sisikii." Raili akaongeza. Kwenye ubeti wa pili sauti ikaanza kunywea, ikavutika, ikageuka mlio wa paka. Mashine ilikuwa inaitafuna.

Raili aliruka akaizima. Alipoitoa, utepe ulifuata, mrefu, umekunjamana kama ganda la kiazi. Uso wake uligeuka mweupe. "Saimi," akasema. "Saimi, nisamehe."

"Usivute," akasema Kalervo. "Nipeni penseli."

Alikaa kwenye ngazi ya basi, akaingiza penseli kwenye tundu la kaseti, akazungusha kwa vidole vyake vinene, akinyoosha kila kipande juu ya goti. Ilichukua robo saa. Hakuna aliyeondoka. Sirkka aliongeza kahawa kimyakimya. Nilimtazama Tauno, nikafikiri, utepe huu ukikatika, sijui itakuwaje. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa rafu. Niligundua nimeushikilia pale tu vidole vilipouma.

"Jaribu," akasema Kalervo. "Kwenye redio yangu ya mbele. Ile yenu ni ya shetani."

Ikaimba. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili ukaanza, na tulipofika pale palipokunjamana, sauti ikazama. Ukimya mtupu, mtambo unazunguka.

Na Tauno akaendelea.

Tauno haimbi. Hata kanisani hufungua mdomo tu kwa heshima. Lakini alichukua pale sauti ilipoachia, maneno kwanza, ya Kiingereza asichokijua, alivyoyasikia tu, halafu maneno yalipokwisha akachukua gitaa kwa mdomo, ti-ri-ri-ri, macho ameyafumba, vidole vinagonga goti. Mtu wa posta aliangalia viatu vyake. Hakuna aliyecheka. Sekunde kumi, kumi na tano. Sauti ya kaseti iliporudi, walikutana palepale, yeye na lile gitaa, pigo kwa pigo, wala hakuongeza mwendo wala kupunguza. Aliwaachia waendelee, akafumbua macho, akatuona wote.

Wimbo ukaisha.

"Huyo wa katikati ndiye aliyeimba vizuri," akasema Hilja kutoka ndani ya mablanketi. "Wale wengine wamefungiwa wapi?"

Tauno alicheka, cheko fupi, kama mlango ulioganda. Akasema, "Chooni, bibi."

Ijumaa, 14 Februari

Nimelala mpaka saa mbili asubuhi.

Alhamisi, 20 Februari

Zamu ya Raili mwenyewe. Aliweka wimbo wa kubembelezea mtoto. Aliposema kwa nini, alisema kwamba ana dada yake kusini asiyemwimbia mtu tena. Akachekacheka mwishoni. Sasa najua lile cheko ni la kushikilia kitu kisianguke. Nilimpelekea kikombe.

Jumatatu, 24 Februari

Daktari wa samaki alipiga simu, anaongea na Tauno kila Jumatatu. Nimepanga upya mzunguko wangu. Saa sita na nusu sasa Tauno anakuja nami kwa Hilja, anamkatia kuni na kumsomea gazeti. Hilja anamlazimisha arudie vifo na matangazo ya ng'ombe.

Jumapili, 1 Machi

Theluji inang'aa mpaka macho yanatoka machozi. Nyuzi sita.

Alhamisi, 5 Machi

Daktari wangu amesema naweza kuacha kuandika nikitaka. Nikamwambia nitaona.

Tauno alikuwa jikoni anarekebisha bawaba ya kabati, kaseti inazunguka. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Wimbo wa tatu ukapita, pengo likapita, Tauno akaliziba bila kuinua kichwa, wa nne ukaanza. Nikafunga maji.

"Rudisha," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Ule wa tatu. Urudishe."

Alinitazama, bisibisi mkononi. Sikuwa nimemkumbuka Jarkko kwa wakati ule, wala sikuwa nimemwonea huruma Tauno. Nilitaka kuusikia tu.

Akarudisha.